Chupa za Jumapili

Ilikuwa Jumapili siku Mwangangi alipokosekana, na Nzilani alilijua jambo hilo kabla hajafika nyumbani. Kila Jumapili, akitoka kanisani na kukata kona ya duka la Gathogo, alimwona mumewe amesimama nje ya mlango, chupa mkononi, ameiinua juu akitazama jua kupitia maji yaliyomo ndani. Akimwona mkewe anakuja, alitaja rangi tu. "Leo zambarau." Au, "Leo strungi," rangi ya chai isiyo na maziwa. Hapo ndipo angeuliza mahubiri yalikuwa ya nini.

Siku hiyo mlango ulikuwa wazi na mbele yake hapakuwa na mtu.

Alimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta wa stoo. Gambuti zake zilikuwa na matope mabichi. Kofia ilikuwa mapajani. Kando ya mguu wake wa kulia palikuwa na chupa ya lita mbili iliyojaa maji ya rangi ya maharagwe yaliyochemshwa, kifuniko kimefungwa vizuri. Chupa haikuwa imebandikwa kitu. Utepe wa karatasi na kalamu ya wino mzito vilikuwa bado mfukoni mwa shati.

Nzilani alimwita mara mbili. Mara ya tatu hakumwita, alimgusa shavu. Kisha akaiokota ile chupa, akaingia nayo ndani, akaisukuma chini ya kitanda, ndipo akatoka kuwaita majirani. Hata leo hajui kwa nini alianza na chupa.

Hospitalini walisema ni moyo.

Wawili hao walitoka Mwingi wakiwa vijana, wakaja Mugutha enzi ambazo kahawa ilianzia barabarani na kwenda hadi macho yanapoishia. Mwangangi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kumenya kahawa cha shamba moja kubwa. Kahawa iling'olewa, shamba likakatwa vipande, vipande vikaota nyumba za kupanga, ghorofa juu ya ghorofa. Kilichobaki ni bonde lenye kijito, kwa sababu pale hakuna msingi unaoshika. Mwangangi alinunua kipande chake huko bondeni, watu wakamcheka kwamba amenunua matope. Akapanda nduma. Nduma hazina haja ya msingi.

Miaka ikaenda. Huko juu, nyuma ya ukuta wa mabati, kikaja kiwanda cha kutia nguo rangi. Majani ya nduma yakaanza kujikunja pembeni kama karatasi iliyokaribia moto, na vyura wakapungua hadi bonde likawa kimya jioni. Sokoni Ruiru, pale Nzilani alipouza, wateja wakaanza kuinua nduma, kuinusa na kuuliza, "Mama, hizi ni za wapi? Si za maji taka?"

Mwangangi hakuwa mtu wa kelele. Akiwa kwenye kiwanda cha kahawa alikuwa ameona jinsi maji machafu ya maganda yalivyopitishwa kwenye matete na kutoka upande wa pili mepesi. Basi akachukua jembe. Alichimba mabwawa matatu mapana yasiyo na kina, moja chini ya jingine, pale kijito kilipoingia kwenye kipande chake, akageuza maji yapite humo kwanza kabla ya kufika kwenye nduma. Akaleta matete na mafunjo kutoka mtoni chini kwa mkokoteni, safari baada ya safari, akayapanda mizizi kwa mizizi. Kazi hiyo ilimchukua miaka mitatu. Katika mwaka wa nne, Nzilani aliamka asubuhi akasikia kelele kama watu wanaogombana. Walikuwa kwera, wale ndege wa manjano, wanajenga viota kwenye matete. Jioni ile vyura nao wakaitikia.

"Wamejuaje?" Nzilani alimuuliza.

"Waliambiwa na shangazi yao," alijibu Mwangangi, akaendelea kula.

Tangu siku hiyo, mteja akiuliza nduma ni za wapi, Nzilani alijibu bila kupepesa macho, "Ni za bwawa la mzee wangu. Njoo uone." Na wengine walikuja kweli, wakasimama ukingoni, wakatazama ndege.

Ikawa Jumapili moja Mwangangi alishikwa na homa, hakwenda kanisani. Saa nne na nusu alitoka kuota jua, akaona kijito kimegeuka zambarau. Kilikuwa hivyo mpaka karibu saa sita, kisha kikasafika. Watu waliporudi kutoka kwenye ibada, maji yalikuwa kama maji. Jumapili iliyofuata alibaki tena, safari hii akiwa mzima. Ikawa vilevile. Wale wa juu walikuwa wamehesabu vizuri. Saa ambayo bonde zima limeketi kwenye viti vya plastiki likiimba, ndiyo saa ya kufungua maji ya rangi.

Mwangangi akaacha kwenda kanisani. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mzee Karanja, mzee wa kanisa, alimkuta njiani akamwambia, "Mwangangi, nasikia siku hizi unaabudu na vyura."

"Naabudu nao," alisema Mwangangi. "Wanaimba vizuri kuliko kwaya yenu, na hawaitishi harambee."

Karanja alicheka hadi akashika goti, lakini jina likashika pia. Mzee wa Vyura.

Mara ya kwanza alipopeleka chupa kwenye ofisi ya mazingira, Thika, afisa aitwaye Kagwe alimpokea kwa heshima, akaitazama, akamwambia, "Mzee, chupa moja ni ajali. Wao watasema bomba lilipasuka siku hiyo. Tuonyeshe kwamba ni mazoea."

Basi Mwangangi akaanza kuonyesha mazoea. Jumapili baada ya Jumapili alijaza chupa, akabandika utepe, akaandika siku, tarehe na saa, akaipanga stoo. Alikuwa na simu kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyoweza kupiga picha ya maana, na hata daftari hakutaka. "Karatasi mtu yeyote anaandika," alimwambia Nzilani. "Maji huwezi kuyafundisha uongo." Zilifika thelathini na moja. Mwezi wa nane barua ikaja: kikao ni Jumanne tarehe kumi na sita Septemba, wenye kiwanda wataitwa, naye aje na chupa zake zote.

Aliisoma barua ile hadi ikachanika kwenye mikunjo. Matete ya bwawa la juu yalikuwa yameanza kuwa manjano kutoka chini, na yeye alijua maana yake. "Yanakunywa sumu yetu sote," alisema. "Lakini nao wana mwisho. Hawa watu wasipolazimishwa kusafisha maji huko juu, bwawa halifiki Krismasi nyingine."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili akajaza chupa ya thelathini na mbili, akaketi kwenye kigoda.

*

Matanga yakaanza. Aliyefiwa haachiwi kazi yoyote, na Nzilani aliketishwa kwenye godoro sebuleni, kanga begani, huku nyumba ikiendeshwa na akina mama wa kanisa. Mwenyekiti wao alikuwa Ngendo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye mikono mikubwa na moyo mkubwa kuliko mikono. Ngendo alikuja Jumapili ileile jioni na sufuria zake mwenyewe, na hakurudi kwake ila kulala. Alipika, aliosha, alipokea wageni, alimlazimisha Nzilani kula. Mtu akianza kulia kupita kiasi alimwambia, "Taratibu, tumwachie Mungu naye alie kidogo."

Jumatano ikaja habari kwamba ndugu za marehemu kumi na wanne wanakuja kutoka Mwingi, ili Jumamosi wausindikize mwili nyumbani kwa mazishi. Ngendo alichuchumaa mbele ya godoro.

"Mama Mwendwa, hawa watu watalala wapi? Nataka ile stoo. Tuioshe, tutandike magunia na blanketi, wanaume walale huko."

Nzilani alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo.

"Kuna kitu niweke kando?"

Nzilani alifikiri. Kichwa chake siku hizo kilikuwa kama debe linalovuja, kila kitu kinapita na hakuna kinachobaki. Aliona jembe. Aliona bomba la kunyunyizia dawa. Aliona suruali ya kazi ya mumewe iliyoning'inia kwenye msumari, na hapo mawazo yakakwama, hayakwenda mbele tena.

"Jembe lake," alisema. "Na nguo. Uchafu mwingine wote toeni."

"Haya. Wewe pumzika."

Alisikia akina mama nyuma ya nyumba mchana kutwa, ndoo zikigongana, kicheko kimoja kikizuiwa haraka, mtu akisema "Ngai, hii harufu." Alisikia yote. Aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

*

Mwingi ilikuwa kiangazi. Ardhi ilikuwa nyekundu na ngumu hata vijana waliochimba kaburi walilazimika kutumia sululu. Kwa kuwa kila mtu alijua kwamba kule maji ni ya punda na ya foleni, akina mama walikuwa wamebeba maji ya mfereji kutoka Mugutha, yaliyochemshwa na kupozwa, ndani ya chupa, kwenye makreti, chini ya viti vya basi.

Mhubiri alikuwa bado anazungumza. Jua lilikuwa utosini. Mwendwa, binti yao pekee, aliyefanya kazi ya ushonaji Gatongora, alikuwa amemshika mama yake mkono. Ngendo akapita katikati ya viti akigawa maji, kwanza wazee, kisha wafiwa. Alipofika kwa Nzilani alimfungulia chupa mwenyewe, akamwekea mkononi.

"Kunywa, Mama Mwendwa. Midomo imekauka."

Ilikuwa chupa ya lita mbili. Maji yalikuwa meupe kabisa, hata kidole cha Nzilani kilionekana upande wa pili. Na karibu na kidole hicho palikuwa na kipande cha utepe wa karatasi ambacho sabuni ilishindwa kukibandua. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini mkono ulikuwa ule. *J'pili 9 Machi. 4.40.*

Nzilani aliinua macho. Mbele yake, kwenye safu ya viti, mjomba wa Mwangangi alikuwa anakunywa. Kando yake shemeji alikuwa anajimwagia kidogo shingoni. Kule kivulini, watu wa kwaya walikuwa wakipokezana chupa moja, ya kwao ikiwa na alama mbili za gundi mahali utepe ulipokuwa. Alianza kuzihesabu, akaacha.

"Mwaitu," Mwendwa alimnong'oneza mama yake, "kunywa, watu wanakuangalia."

Alikunywa. Maji yalikuwa matamu, hayakuwa na ladha ya kitu chochote, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Alikunywa mpaka akaishusha chupa nusu. Jeneza lilipoteremshwa hakulia, na wanawake wa Mwingi baadaye walisema kwamba yule wa mjini amekuwa na moyo mgumu.

Ndani ya basi wakirudi, alingoja mpaka wapite Matuu, kisha akamuuliza Ngendo kwa sauti ya kawaida, "Zile chupa za stoo zilikuwa na nini?"

"Maji machafu, wacha tu. Mengine yananuka kama yai bovu, mengine rangi kama ya Fanta. Tukamwaga kwenye choo. Tumeziosha kwa sabuni na majivu na maji moto, usiwe na wasiwasi, hakuna mtu ataumwa." Ngendo akatabasamu, akampiga goti polepole. "Mzee wako, Mungu amweke pema, alikuwa hatupi kitu. Wangu pia yuko hivyo, ana misumari iliyopinda ya tangu harusi."

"Asante kwa kazi," alisema Nzilani.

"Si kazi. Hata wewe ungefanya."

Na ni kweli, yeye pia angefanya. Alitazama nje mpaka Thika.

*

Jumanne ya tarehe kumi na sita Ngendo alikataa aende peke yake. "Mjane haingii ofisi ya serikali peke yake, watakuzungusha," alisema, akavaa viatu vya kanisani. Nzilani alibeba mfuko wa kiondo. Ndani yake palikuwa na barua iliyochanika na ile chupa moja ya chini ya kitanda.

Chumba kilikuwa na meza ndefu. Kagwe alisimama, akampa pole kwa mikono miwili. Upande wa pili aliketi kijana wa kiwanda aliyevaa shati jeupe na koti, naye pia akasimama na kutoa pole, na pole yake ilionekana ya kweli. Hilo lilimuumiza Nzilani zaidi, maana alikuwa amejitayarisha kukutana na mtu mbaya.

"Mama," alisema Kagwe, "marehemu alituambia ana chupa thelathini na kitu, zenye tarehe. Ziko kwa gari?"

Nzilani alitoa chupa, akaiweka mezani. Maji yalikuwa yametulia. Rangi ya maharagwe ilikuwa imejikusanya chini kama tope, na juu yalikuwa karibu meupe.

"Ni hii."

"Na zile zingine?"

"Zilimwagika."

"Zote?"

"Zote."

Ngendo, aliyekuwa ameketi kando yake na mkoba mapajani, aligeuza kichwa polepole. Nzilani hakumtazama. Alisikia tu pumzi yake ikiingia, haitoki.

Kijana wa kiwanda aliivuta chupa, akaizungusha, akaitafuta tarehe, akairudisha. Hakucheka. "Sisi tuna bwawa letu la kusafisha maji," alisema kwa upole. "Mama akitaka, siku yoyote namkaribisha alione. Kama kuna Jumapili lilijaa mvua likafurika, hatukatai. Lakini hii tungeisemea nini? Ni ya lini? Ni ya wapi?"

"Ni ya siku aliyokufa," alisema Nzilani.

Kagwe aliandika kitu, akakikata.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Hata zile zingine wangezipinga. Wangesema hazikufungwa na afisa, hazikuwekwa kwenye baridi. Lakini thelathini na moja zikiwa zimepangwa kwa meza, kila moja na Jumapili yake, ningekuwa na kitu cha kusimamia. Ningeomba amri ya kupima kila wiki." Aliisukuma chupa kidogo kuelekea kwake. "Hii bila tarehe ni maji tu."

"Basi pima haya."

"Nitapima. Nitaandika tulichokuta. Lakini siwezi kuandika ni ya nani."

Faili lilifungwa, wakaambiwa, mpaka upatikane ushahidi mpya. Kijana aliwafungulia mlango.

Walitembea mpaka kituoni. Pale kwenye kivuli cha kibanda cha matunda, Ngendo alisimama ghafla kama mtu aliyegonga ukuta.

"Mama Mwendwa. Ni zile?"

Nzilani angeweza kusema hapana. Aliitafuta ile hapana, hakuipata.

"Ni mimi niliyekupa ufunguo," alisema.

"Lakini mimi ndiye niliyemwaga. Kwa mikono yangu. Moja moja." Ngendo aliitazama mikono yake. "Hata nilisema, huyu mzee alikuwa anaweka uchafu wa nini? Nilisema hivyo mbele ya watu, na wakacheka."

"Uliniuliza kama kuna kitu cha kuweka kando. Nikakuambia jembe."

Muuza matunda aliwauliza kama wanataka kukatiwa tikiti. Baadaye Nzilani akanunua vipande viwili, kwa sababu walikuwa wamesimama kwenye kivuli chake muda mrefu, wakala wakiwa wamesimama, Ngendo machozi yakimtoka bila sauti na kuchanganyika na maji ya tikiti kidevuni.

Jumapili iliyofuata Nzilani hakwenda kanisani. Alivaa gambuti za mumewe, zikamzidi, akakaa kwenye ukingo wa bwawa la juu na chupa tupu, utepe na kalamu. Ngendo alikuja naye, akiwa na chupa yake. Walikaa tangu saa tatu mpaka saa saba. Kanisa liliimba, likatoa sadaka, likafumukana. Maji yalipita yakiwa meupe. Jumapili ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Halafu Jumatano moja, Nzilani akiwa sokoni, zambarau ikapita. Wiki nyingine ilikuwa Ijumaa alfajiri, wakati wa mvua, hakuna aliyejua ilianza saa ngapi. Mazoea yalikuwa yamehama, na huko yalikohamia hawakuwa na saa.

Matete ya bwawa la juu yalianguka mwezi wa kumi na moja. La kati likafuata. Kwera walikuja mwanzoni mwa mvua kama kawaida yao, wakazunguka siku mbili wakigombana, wakabeba majani machache, kisha wakahamia kwenye mti wa umeme karibu na duka la Gathogo. Kwenye kile kiraka cha nduma kilichobaki, majani yalijikunja pembeni. Nzilani aling'oa moja, akaikata katikati, akaitazama ndani, akaifukia palepale.

Kagwe alipiga simu mara moja, akasema matokeo ya ile chupa yametoka na si mazuri, na kwamba ameyaweka kwenye faili. Nzilani alimshukuru.

Siku hizi Jumatatu na Alhamisi huamka saa kumi na moja, hungoja lori pale barabarani, hununua magunia mawili ya nduma, huyapeleka sokoni Ruiru. Ngendo humsaidia kushusha. Mteja akiinua nduma na kuinusa, akauliza ni za wapi, Nzilani humwambia zimetoka Kirinyaga.